Neno la Mwisho la Seyani

"Sema chochote," sauti ya Mgonja ilisikika masikioni mwa Leokadia. "Nataka kupima sauti."

Kibandani mwake, mkalimani Leokadia Sanane alikivuta kipaza sauti karibu na mdomo. "Asubuhi hii nimekunywa chai bila sukari, kwa sababu watu wa hoteli—"

"Inatosha. Mpokezi ameshamaliza."

"Ameshamaliza nini? Mimi mwenyewe sijamaliza."

"Amekumalizia. 'Kwa sababu watu wa hoteli wameishiwa sukari.' Imeshatoka kwa Kiingereza, Kiarabu, Kihausa, kila lugha iliyomo ukumbini. Si ndivyo ulivyotaka kusema?"

"Nilitaka kusema kwamba wanajaza sukari mpaka chai inakuwa uji, kwa hiyo nimewakataza."

Mgonja alicheka. "Basi amekaribia."

Eliya Mgonja alikuwa msimamizi wa chumba cha mitambo katika ukumbi wa Baraza la Maji la Bara, mjini Dodoma. Alimpenda Mpokezi, mashine ya kukalimani, kama mtu anavyompenda mtoto aliyemlea mwenyewe. Miaka ya nyuma wajumbe walilalamika kwamba ukalimani unachelewa: mzungumzaji akichekesha, nusu ya ukumbi hucheka wakati yeye ameshaingia kwenye habari za misiba. Mpokezi aliumaliza ucheleweshaji huo. Hakungoja sentensi ifike mwisho. Alikuwa amelishwa nyaraka zote za mkutano, rasimu ya azimio la kujenga bwawa katika bonde la Hosari ikiwamo, na kutokana nazo alikisia mwenendo wa maneno, akayatoa kabla mwenyewe hajayatamka. Mara nyingi alipatia.

Lakini King'aru hakukijua. Lugha ya Wang'aru wa bonde la Hosari haikuwa na maandishi ya kutosha kumfundishia. Ndiyo maana Leokadia aliitwa. Mama yake alikuwa muuguzi wa zahanati ya Hosari, na yeye alikulia huko mpaka alipokwenda sekondari. Jana yake alimfikishia mjumbe wa Wang'aru hotuba za wengine; kazi yake siku hiyo ilikuwa kumsikiliza mjumbe huyo na kusema Kiswahili papo hapo. Mpokezi angekichukua Kiswahili hicho na kukigawa kwa wengine wote. Wakalimani waliita kazi hiyo kupokezana. Leokadia ndiye aliyekuwa mkono wa kwanza. Akiteleza yeye, wameteleza wote walio nyuma yake.

"Mgonja, nisikilize," alisema. "King'aru hukataa mwishoni. Mtu anasema tutakuja, tutakula, tutalala kwenu, halafu kwenye ncha kabisa anaweka *ko*, na yote yanageuka: hatutakuja, hatutakula, hatutalala. Mimi nitalazimika kumngoja. Na Mpokezi naye lazima aningoje mimi. Zima huko kukisia kwake, kwa mzungumzaji huyu mmoja tu."

"Siwezi bila ruhusa ya sekretarieti. Ngoja niwaulize."

Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kwa niaba ya wakubwa zake. "Wamekataa, dada. Wanasema wajumbe hawatavumilia ukimya masikioni. Fanya unavyoweza."

Leokadia alivua vifaa vya masikioni akaenda kibanda cha jirani. Humo alikuwamo Nabintu, mama mnene wa Bukavu mwenye miwani iliyofungwa kamba. Wajumbe wa Kifaransa walikuwa wamegoma kusikiliza mashine, wakataka sauti ya mtu. Kwa hiyo Nabintu ndiye binadamu pekee ambaye angepokea kutoka kwa Leokadia.

Leokadia alimweleza habari ya *ko*. Nabintu alisikiliza huku akimenya chungwa.

"Sasa mimi nitajuaje kama bado unangoja?"

"Nitaweka kiganja kwenye kioo hiki kati ya vibanda vyetu. Kikiwa pale, ujue sijui kama ni ndiyo au hapana. Taja mambo yenyewe tu, usiyafunge. Nikikishusha, funga."

"Na majina?"

"Nitayasema mara mbili, polepole."

"Ni vizuri," Nabintu alisema, akampa kipande cha chungwa. "Wewe kamata njia yako. Mimi niko nakufuata."

*

Seyani Hota alikuwa mfuga nyuki, mtu wa makamo, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi mbele ya meza yenye vioo na taa. Alikuja na shangazi yake, mama mkimya aliyevaa viatu vipya na kuvivua mara tu alipoketi.

Leokadia alichuchumaa kando yake kabla kikao hakijaanza. Walizungumza King'aru.

"Kaka Seyani, nikuombe jambo. Sema sentensi fupi. Sema moja, vuta pumzi, sema nyingine."

Seyani alishtuka. "Fupi? Watadhani nimekuja kugombana. Kwetu mtu wa maneno mafupi ana hasira."

"Najua. Lakini maneno yako yana safari ndefu. Yanapita kwangu, kisha kwa mashine."

"Mashine yenyewe inaelewa heshima?"

"Jaribu tu, kaka."

"Nitajaribu," Seyani alisema kwa upole, kama mtu anayemridhisha mgonjwa.

*

Alianza vizuri. Alisema jina lake na la bonde lake, na Leokadia akayarudia polepole. Alieleza mto unavyoingia kutoka kwenye maporomoko ya juu. Alieleza mizinga yake. Sentensi zilikuwa fupi, zikapita zote salama, na kwenye kioo kidogo mbele yake, ambacho kilionyesha kwa Kiswahili kile ambacho wajumbe walikuwa wakisikia kwenye lugha zao, Leokadia aliona maneno yakifanana na aliyoyasema.

Kisha Seyani alifika kwenye jambo lenyewe. Alisimama, kwa sababu kwao jambo zito husemwa mtu akiwa wima, na ile ahadi ya sentensi fupi ikamtoka kichwani.

Bonde hili tulilopewa na waliotuzaa, alisema, tutawapa, na nyumba zetu tutazibomoa kwa mikono hii iliyozijenga, na makaburi ya mama zetu tutayaacha maji yayafunike...

Leokadia aliweka kiganja kwenye kioo.

"Sasa nazungumzia bonde letu," alisema kwa Kiswahili, sauti imetulia, "bonde tulilopewa na waliotuzaa. Nazungumzia nyumba zetu, na mikono iliyozijenga. Na makaburi ya mama zetu, na maji ya bwawa..."

Hivyo ndivyo inavyofanywa: unatandika mambo mezani bila kuyakata, walio nyuma yako wasibaki na ukimya, wala usiwape ndiyo ambayo huna. Upande wa pili wa kioo, Nabintu alikuwa akifanya vilevile kwa Kifaransa, macho yake hayatoki kwenye kiganja kile.

Mpokezi hakuwa na macho. Alikuwa na bonde, nyumba, makaburi na bwawa, na alikuwa na rasimu ya azimio iliyoandikwa wiki kadhaa kabla, ikisema kwamba wakazi wa Hosari wanaafiki. Leokadia aliyaona maneno yakijipanga kwenye kioo kidogo: *Tunatoa bonde letu, nyumba zetu, na hata makaburi ya mama zetu, ili bwawa lijengwe na wenzetu wapate maji.*

Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Watu walisimama. Mama mmoja, mjumbe wa mstari wa mbele, alikuwa akipangusa machozi. Na katikati ya makofi hayo Seyani alivuta pumzi akamaliza sentensi yake: *ko*.

"Hatutalitoa," Leokadia alisema, akashusha kiganja. "Hatutalitoa bonde letu, hatutabomoa nyumba zetu, wala hatutaacha makaburi ya mama zetu yafunikwe na maji."

Kwenye kioo kidogo halikutokea neno hata moja. Kwa Mpokezi sentensi ilikwisha zamani, na yaliyofuata aliyahesabu kuwa kelele za makofi.

Seyani aliutazama ukumbi wote uliosimama kwa ajili yake. Alikuwa amekuja kukataa, akitegemea kuzomewa, na sasa watu wa bara zima walikuwa wakimpigia makofi kwa kukataa kwake. Aliketi, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa, akalia. Shangazi yake alipiga kigelegele.

"Kwa tamko hili la kihistoria," alisema mwenyekiti, Balozi Chikwanha wa Zimbabwe, naye sauti imemlegea, "naona hatuna sababu ya kuchelewa. Tuingie kwenye kura."

*

"Mgonja," Leokadia alisema kwenye waya wa ndani. "Alisema hapana."

"Nimekusikia. Mimi nasikiliza Kiswahili." Pumzi za Mgonja zilisikika nzito. "Tulia kwanza. Wewe hujakosea popote. Kiswahili chako kimerekodiwa, kiko sahihi. Baada ya kura nitaandika maelezo, yataingia kwenye kumbukumbu."

"Baada ya kura itasaidia nini?"

"Na ukisema sasa itakuwaje? Kura itaanguka. Watarudi makwao, na hatujui watakutana tena lini." Sauti yake ikabadilika, hakuwa tena msimamizi wa mitambo. "Mama yangu yuko Chilonje, Leokadia. Unajua maji ya Chilonje."

Aliyajua. Filomena, dada yake wa tumbo moja, alikuwa Chilonje pia. Tangu mvua zilipohama kanda ile, visima viligeuka chumvi. Mara ya mwisho alipomtembelea, Filomena alimwekea kikombe cha maji ya kunywa kilichofunikwa kwa kisahani, na watoto wakakitazama kikombe kile mpaka Leokadia akasema hana kiu. Bwawa la Hosari lingefikisha maji mpaka mlangoni kwa Filomena.

Na ilikuwa kweli kwamba hajakosea. Mtu akimuuliza, angeonyesha rekodi. Wajumbe waliosikiliza Kiswahili, wachache wa pembeni, walikuwa wakitazamana. Mmoja aliinamia karatasi zake, mwingine alipiga makofi pamoja na wenzake, taratibu. Nao wangeweza kusema. Hawakusema.

Leokadia aligeuka kwenye kioo. Nabintu alikuwa ameshika vifaa vyake vya masikioni kwa mikono miwili, akimkazia macho. Makofi yalikuwa yamemfunika na yeye. Alipata nusu ya maneno, na hakutaka kubahatisha nusu iliyobaki. Nyuma yake, kule ukumbini, mstari mzima wa wajumbe wa Kifaransa walikuwa wamekaa kimya, peke yao kati ya watu waliosimama. Walikuwa bado wanangoja mwisho wa sentensi.

Nabintu alizungusha kidole hewani: rudia.

Leokadia aliwaza kwamba maneno ya mtu hayajafika kwa sababu tu yametoka vizuri mdomoni mwa mkalimani. Alipoingia kazi hii aliapa kuyafikisha. Na Seyani kule mezani alikuwa akilia kwa furaha.

"Naweza kuzima kipaza sauti chako," Mgonja alisema kwa sauti ndogo. "Wananiambia hapa nikizime."

"Najua unaweza."

Aliwasha kipaza sauti. "Mkalimani wa King'aru anasema. Sentensi ya mwisho ya mzungumzaji ilikuwa ya kukataa. Narudia: ya kukataa. Hatutalitoa bonde letu."

Kioo kidogo kilibaki tupu. Mpokezi alikuwa amefundishwa kuchuja masahihisho ya wakalimani, wajumbe wasisumbuke nayo. Lakini Nabintu hakuwa amefundishwa hivyo. Leokadia aliiona midomo yake ikisema kwa Kifaransa, bila haraka, sentensi nzima tangu mwanzo mpaka mwisho, hapana zake zote zikiwa mahali pake.

Kipaza sauti cha Leokadia kilibaki kinawaka. Mgonja hakukizima.

Katika mstari wa waliokaa, mama mmoja mrefu mwenye kilemba cha rangi ya manjano aliinua kibao cha nchi yake. Alikuwa Bi. Mbombo, mjumbe wa Kongo. Alizungumza Kifaransa, na Kifaransa Mpokezi alikijua vyema, kwa hiyo swali lake lilifika kwa kila mtu bila kupunguzwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mnisaidie. Sisi huku tumesikia mtu akikataa. Ninyi wenzetu mnampigia makofi ya nini?"

*

Ukumbi ulichafuka. Balozi Chikwanha aligonga meza mpaka akapata kimya, kisha akatazama juu kwenye vibanda.

"Mkalimani wa King'aru ashuke hapa."

Leokadia alipokuwa akishuka ngazi alisikia sauti ya Mgonja kwenye kifaa alichosahau kukivua. "Nimemzima Mpokezi. Lugha zote. Nitajua la kuwaambia." Kisha sauti ikakatika.

Bila mashine, ukumbi ule mkubwa ulionekana kama soko lililoibiwa mizani. Wajumbe waligonga vifaa vyao. Kisha mtu aliyejua lugha mbili akamwinamia jirani yake, na yule naye akamwinamia mwingine.

"Muulize," mwenyekiti alisema kwa Kiingereza, taratibu. "Wanatoa bonde, au hawatoi?"

Leokadia alichuchumaa kando ya Seyani kama asubuhi. Macho ya Seyani yalikuwa bado mekundu.

"Kaka, wanauliza: bonde mnalitoa?"

Seyani alishangaa. "Si wameshanipigia makofi?"

"Wanataka kulisikia tena."

Alisimama. Akatazama upande huu na ule, na safari hii alisema neno moja tu.

"*Ko.*"

"Hapana," Leokadia alisema kwa Kiswahili. Kutoka kibandani, Nabintu akasema kwa Kifaransa. Neno likashuka kwenye mistari kwa minong'ono, Kihausa, Kiamhari, Kireno, polepole kuliko jambo lolote lililowahi kusemwa katika ukumbi ule tangu Mpokezi aje. Mtu aliweza kuliona likipita: uso mmoja ukibadilika, kisha wa pembeni yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Mjumbe mmoja alikusanya vitu vyake akatoka. Mwenyekiti aliahirisha kikao hadi alasiri, na alipopita karibu na Leokadia alisimama.

"Unaelewa ulichokifanya?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Kapumzike," alisema.

*

Seyani alimkuta Leokadia kwenye ua wa nyuma, amekaa kwenye ukingo wa bustani. Shangazi alibaki ndani akinywa soda.

"Yale makofi ya kwanza," Seyani alisema. "Walipiga ya nini?"

Hapakuwa na mtu wa kumkalimania sasa. Jibu lilikuwa lake mwenyewe.

"Walisikia ndiyo, kaka. Mashine ilidhani unakubali."

Seyani alikaa. "Nililia mbele yao," alisema. "Niliwaza, kumbe huko nje kuna watu." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Usimwambie shangazi."

"Sitamwambia."

"Na bonde walilitaka kwa nini namna ile? Yule mama alikuwa akilia kwelikweli, nilimwona."

"Walieleza tangu jana. Mimi ndiye niliyekufikishia."

"Ulisema upungufu. Ulisema mahitaji ya kanda." Alitamka maneno hayo kama mtu anayetema mbegu. "Sikuona mtu ndani yake."

Ilikuwa kweli. Walisema upungufu wa maji katika kanda, naye akasema upungufu wa maji katika kanda. Hakupoteza hata neno moja, na hakuna kilichofika.

"Wewe una ndugu huko?" Seyani aliuliza.

Leokadia alijua kwamba mkalimani hatakiwi kulijibu swali hilo. Alijua pia kwamba mbele yake alikuwapo mtu, na ameuliza. Akamwambia habari za Filomena: kikombe kilichofunikwa kwa kisahani, watoto wanavyokitazama, ngozi za vidole vyao zinavyopasuka, chai inavyokuwa na ladha ya machozi. Hakumwomba kitu.

"Nawe ukijua hayo," Seyani alisema, "ndiyo ukawaambia nimekataa?"

"Ulikataa, kaka."

Seyani alizitazama nyasi kwa muda mrefu. Kisha akainuka kwenda kumchukua shangazi yake.

*

Alasiri Mpokezi aliwashwa tena, lakini bila kukisia. Mgonja alikuwa amewaambia wakubwa kwamba hatakaa kwenye kiti kile vinginevyo, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua mitambo ile, wakamwacha mpaka jioni. Baada ya hapo Mgonja hakujua itakuwaje.

"Wewe ndiye unayeongoza mwendo," alimwambia Leokadia. "Ukinyamaza, bara zima litanyamaza."

Seyani aliomba kusema. Alisimama, akaanza moja ya zile sentensi zake ndefu.

Watu wanaokunywa maji ya chumvi, alisema, wale wenye watoto wanaotazama kikombe cha mgeni, watakuja Hosari, tutawapokea, tutakaa nao nyumbani kwetu, tutapanda nao mpaka maporomoko ya juu ambako hakuna nyumba wala kaburi, na huko tutatafuta nao mahali pa bwawa lisilomfukuza mtu...

Leokadia aliweka kiganja kwenye kioo. Alimtaja mgeni na kikombe, nyumba na maporomoko, na zaidi ya hapo hakwenda. Nabintu hakwenda. Mpokezi hakwenda. Wajumbe walikaa na ukimya masikioni, na safari hii hakuna aliyegonga kifaa chake. Balozi Chikwanha alikuwa ameinama mbele. Wote walikuwa wakimtazama mfuga nyuki mdomoni.

Seyani alifika mwisho wa sentensi, akafunga mdomo, akaketi.

Leokadia alingoja pumzi moja zaidi, apate hakika. *Ko* haikuja.

Alishusha kiganja.

"Tutawapokea," alisema.